Bunduki ya kwanza ya kupigia samaki, bahari ya Durban: 90 au 130?

MtuWaPangani:
Wakuu, habari za muda huu.

Niko Durban, nafanya kazi ghalani, wikendi nakuwa baharini. Kuzamia sina shida, nimekulia Pangani. Kuna jamaa wawili wa hapa nafuatana nao upande wa Umhlanga na Ballito, mpaka sasa kazi yangu imekuwa kuwashikia boya na kubeba samaki. Nimechoka kubeba samaki wa watu. Nataka bunduki yangu.

Dukani nimeoneshwa za mtutu wa sentimita 90, 110 na 130, zote za raba. Muuzaji anasukuma 130, anasema nikichukua fupi nitarudi kununua tena. Mtu mwingine ana ya hewa, imetumika, bei poa. Samaki ninaowataka ni nguru na kolekole. Na Desemba naenda nyumbani, ningependa kwenda nayo.

Mnasemaje?

Kibuyu_cha_Asali:
Mtanzania yuko Durban halafu anazamia kwa hiari yake na kutoka anatoka mwenyewe. Dunia imebadilika 😂

Naweka kambi hapa nijifunze.

ReliNaRaba:
Mkuu, achana na 130. Muuzaji alitakiwa akuulize kwanza: maji ya huko unakopiga unaona mita ngapi?

Nimepiga miaka mingi kuanzia Umhlanga mpaka Salt Rock, kuingilia ufukweni. Siku za kawaida unaona mita tatu, nne, ukibahatika sita. Kiangazi mvua zikinyesha bara na mto Umgeni ukishusha tope, hata mapezi yako huyaoni. Sasa piga hesabu. Mtutu wa 130 unabeba mshale wa zaidi ya mita moja na nusu. Ukinyoosha mkono, ncha iko mita mbili na ushee mbele ya miwani yako. Kwenye maji ya mita tatu, kolekole anapotokea kwenye ukungu ameshakuwa pembeni ya mshale, siyo mbele yake. Utabaki unamtazama anavyopita. Ukijaribu kuzungusha lile bomba zima limfuate, maji yanalishika, mkono unachelewa, na samaki kwa ule mtikisiko tu keshajua wewe nani.

Kingine ni kupakia. Raba za 130 ni ndefu na nzito, nyingi zinakuja mbili. Mtu mgeni anatumia nguvu kubwa pale juu, mapigo ya moyo yanapanda, kisha anazama akiwa bado anahema. Pumzi yote imeishia kwenye raba.

Chukua 90. Raba moja ya milimita 16 inatosha kuanzia. Mshale wa milimita 7 unapiga kwa uhakika kama mita tatu kutoka kwenye ncha, na kwenye maji hayo huoni mbali zaidi ya hapo. Kolekole, mzia, shad, chewa wadogo wanaoruhusiwa, wote unawapata. Nguru wa kilo ishirini wa kwenye boti ni habari nyingine na bunduki nyingine.

Umebahatika kwa jambo moja. Rob Allen ni watu wa Durban hapohapo, na bunduki zao zimetengenezwa kwa bahari hiyohiyo. Mtutu wa alumini una reli juu, mshale umelala juu ya reli mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo haupindi raba zinapousukuma. Vipuri unavipata jijini: raba, mshale, triga, kila kitu. Kwa bunduki ya kwanza, mimi hilo nalitazama kuliko urembo wa mbao.

NguruMkubwa:
ReliNaRaba namheshimu ila hapo kwenye 90 sikubaliani naye.

Garrick, yule samaki mkubwa mwenye mbio wa majira ya baridi, hakai kwenye mashimo akusubiri. Anapita kwenye maji ya wazi akifuata shad na dagaa, anakuzunguka mara moja, na mara nyingi anabaki umbali ambao mshale wa 90 unafika umechoka. Kuanzia Mei mpaka Agosti maji ya KwaZulu-Natal yanasafika, mvua hakuna. Siku hizo 90 utaiona kama toy. Wanaoanza wengi niliowaona hapo na 90 wameiuza ndani ya mwaka. 110 inakubeba misimu yote, ufukweni na kwenye boti, na ukitaka kuiuza inatoka haraka.

Kwenye 130 tuko pamoja. Muuzaji anauza tu.

ReliNaRaba:
NguruMkubwa wewe unapiga na boti, unachagua siku. Huyu mwenzetu ana wikendi tu na anaingilia ufukweni, siku anachaguliwa na bosi wake. Maji yatakayokuwepo ndiyo hayohayo. Na wimbi la kuvunjia ufukweni ulivuke na 110 mkononi, boya nyuma, kamba ya mita ishirini na tano inakuzunguka miguu? Kwa mtu mgeni?

Halafu garrick ukimvizia huendi kumfuata. Unalala chini kwenye mchanga pembeni ya mwamba, unatulia, unageuza uso usimkazie macho. Anakuja mwenyewe mpaka unaona mstari wa ubavuni. Aliyejifunza hivyo na 90, siku akishika 110 ni mtu mwingine kabisa.

NguruMkubwa:
Sawa, ipo 100 pia. Tuishie hapo kabla hatujakosana 😄

Sur_Baharini:
Assalaam alaykum. Mimi niko Sur, Oman. Nakubaliana na kanuni ya maji kwanza. Huku kwetu yapo majira unaona mita kumi na tano, watu wanatembea na 120 wala hakuna wa kuwacheka. Ukija upepo wa kusi, maji ya baridi yanapanda kutoka chini, yanakuwa ya kijani kama supu ya mchicha, na mwenye 75 ndiye anayerudi na chewa. Bahari moja hiyo na mtu mmoja huyo.

Yakhe, na usisahau kuuliza wapi hapapigwi. Huku visiwa vya Daymaniyat ni hifadhi tangu 1996, ukionekana na bunduki pale umejitafutia kesi. Sidhani kama Durban hamna mahali kama hapo.

ReliNaRaba:
Papo. Mwamba wa Aliwal Shoal pale Umkomaas ni hifadhi, ina kanda zake, na ziko ambazo hupigi chochote. Uliza ramani kabla hujaenda kusini.

Na mkuu MtuWaPangani, kibali! Cha burudani kwa kupiga samaki unakipata ofisi za posta. Kina masharti: hupigi ukiwa na mtungi wa hewa, ni pumzi yako tu, na samaki wa kibali hicho hauzwi. Usije ukapeleka kolekole kwa mama ntilie wa mtaa wa Point, hata kama ni wa nyumbani. Shad chini ya sentimita 30 muache, na Oktoba na Novemba amefungwa kabisa. Chewa mkubwa yule wa madoa wanayemwita potato bass usimguse. Anakuja puani kama paka wa nyumbani, anajaribu sana roho yako, lakini kumpiga ni marufuku. Brindle bass na seventyfour vilevile.

MtuWaPangani:
Asanteni sana wakuu. Kibali nimekisikia, jamaa zangu wanacho, nitakifuata Jumatatu. Hii ya hewa vipi? Ni fupi, mwenyewe anasema ina nguvu kuliko ya raba.

Fundi_Springi:
Ya hewa nazijua, nazifungua na kuzifunga. Ndani kuna pistoni na hewa uliyoibana kwa pampu ya mkono, kama bar 20 hivi. Unapakia kwa kusukuma mshale ndani kupitia mdomoni mpaka ukamate. Kwa urefu wake ni kweli ina nguvu, na kwenye mashimo ni tamu kwa sababu ni fupi na ukishapakia hakuna raba ya kukwama kwenye mwamba.

Tatizo ni moja tu: huwezi kuiona ilivyo kwa macho. Raba ikichoka unaona nyufa, unakata, unaweka nyingine jioni hiyohiyo. Oringi ya ndani ikichoka, hewa inavuja kidogo kidogo, siku ya tatu mshale unatoka kama umetemwa. Mchanga ukiingia kwenye mdomo unachana sili. Kuifungua bila kutoa hewa kwanza ni kutafuta kuitwa marehemu. Iliyotumika, ambayo hujui nani aliifungua mwisho, kwa mtu wa kwanza kununua, mimi nasema hapana. Waachie wanaojua.

Marsilia13:
Niko Marseille, napiga Mediterania. Huku wazee wengi wanazipenda za hewa, zinaruhusiwa mradi hewa umeibana mwenyewe kwa mkono, za chupa ya gesi marufuku. Sheria za Ufaransa ni kali ila zinakufundisha adabu: chini ya miaka 16 hupigi, usiku hupigi, tochi hubebi, bima ya kuumiza mtu mwingine ni lazima. Mwenzangu mmoja Mngazija hapa kitongojini alianza na 75 na bado anaitumia, anapiga samaki kuliko sisi wenye bunduki za kaboni za bei mbaya.

Ila Mediterania samaki ni wadogo na hawana mbio za bahari yenu. Mshale wa milimita 6 wa huku ukimpiga kolekole wa Durban utarudi umepinda kama mundu.

Mwanakombo_Gazi:
Mimi nataka kuuliza hiyo ya Desemba. Mwaenda nayo wapi?

Mimi ni wa Msambweni. Bunduki huku imekatazwa na serikali tangu 2001, kwa tangazo moja na juya la kukokota. Vijana waitumia hivyo hivyo, twajua, waichonga wenyewe: gogo la mti, chuma kilichonolewa, raba za mpira wa gari. Ni rahisi, haitaki ngalawa wala mtego, ndiyo maana mwenye njaa huanzia hapo. Lakini angalieni kile wanachotoa. Pono wa kiganja, tasi wadogo, changu ambao hawajazaa. Na mshale ukikosa wapiga tumbawe, ukiingia shimoni wavunja ili utoke. BMU yetu, kamati ya kusimamia ufuo, washazikamata na kuziteketeza si mara moja.

Nduguyangu, ya kwako ya dukani yang'aa, lakini kwa sheria ni hiyo hiyo.

Kibuyu_cha_Asali:
Mbona Tanga watu wanapiga tu na hakuna anayewagusa?

Mwanakombo_Gazi:
Na baruti pia ilipigwa Tanga miaka na miaka. Kuachwa si kuruhusiwa.

Chake_Chake:
Bibie kamaliza. Tanzania Bara na huku Zanzibar bunduki ya samaki imo kwenye orodha ya zana haramu, pamoja na sumu na baruti. Kupatikana nayo tu kunatosha kukutia matatani. Sheikh, iwache Durban. Ukija nyumbani kamata mshipi, au nenda na watu wa pweza maji yakitoka, utakula vizuri na utalala kwako.

MtuWaPangani:
Hiyo ya nyumbani imeeleweka. Nafunga mjadala wa Desemba, itabaki chumbani kwangu huku.

Sasa nimepata nyingine. Kuna kijana Umhlanga anauza 100, Rob Allen, ametumia msimu mmoja anasema. Nusu ya bei ya dukani. Niangalie nini nikienda?

Fundi_Springi:
Hapa sasa ndipo penye kazi. Nenda mchana, kwenye mwanga, na usiwe na haraka.

Toa mshale kwenye bunduki. Uweke juu ya kioo cha dirisha au meza ya kioo, uuviringishe polepole kwa kidole. Ulionyooka unaviringika kimya. Uliopinda unagonga, tik, tik, tik, na ukichungulia chini utaona mwanga unafunguka na kujifunga. Mshale uliopinda haunyooshwi ukapona, mhesabie bei ya mwingine. Kisha angalia mkia, pale panapoingia kwenye triga. Ule mkato uwe na kona kali. Ukiona kona imekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika, huo mshale siku moja utajifyatulia wenyewe. Usiutumie hata bure.

Rudisha mshale mpaka usikie umelia kwenye triga. Sasa shika mshale kwa mkono na uuvute mbele kwa nguvu, bila raba. Usichomoke. Fanya mara kadhaa. Bonyeza triga, irudi yenyewe bila kusitasita. Ikirudi kivivu, kuna chumvi au mchanga ndani. Kufuli ya usalama itazame, ila usiitegemee hata ikiwa mpya. Kufuli ya kweli ni mshale kutoelekea kwa mtu.

Ule ulimi unaofunguka karibu na ncha ucheze huru. Geuza mshale juu chini, uanguke wenyewe.

Mtutu: weka jicho nyuma, chungulia kwenye reli kama unavyochungulia ubao wa fundi seremala. Angalia mdomo na kitako panapoungana na bomba kama kuna nyufa au gundi ya kubahatisha. Bomba limefungwa hewa ndani ndiyo maana inaelea, litikise sikioni. Ukisikia maji yanapiga ndani, limevuja.

Raba na mshipi usivikague hata kidogo, nunua vipya. Raba zilizokaa juani zinakatika usoni.

ReliNaRaba:
Naongezea kwa Fundi. Mshipi wa kufunga mshale weka nailoni nene, milimita 1.8 au 2, mizunguko miwili, ubane kwa vibano vya shaba na koleo yake, siyo mafundo. Kila ukitoka majini pitisha ukucha kuanzia kwenye mshale mpaka kwenye mdomo. Ukikwaruza tu, kata. Samaki mkubwa hukatia palepale ulipopadharau.

Kupakia: kitako kwenye kifua, juu kidogo ya tumbo, ndani ya suti yenye pedi. Shika raba pande zote mbili kwa mikono miwili kwa pamoja, vuta kwa mgongo siyo kwa mikono, ingiza kile kipande cha kamba ngumu ya Dyneema kinachounganisha raba kwenye jino la mshale, hakikisha kimekaa sawasawa ndipo uachie. Hayo yote ukiwa ndani ya maji, umeshavuka wimbi, ncha ikielekea kusiko na mtu. Nchi kavu haipakiwi, hata ya utani, hata ya picha. Na kutoka ni hivyo hivyo, unatoa raba kabla ya kurudi kwenye wimbi.

Kama umebaki na hela usiongeze raba ya pili. Nunua boya gumu lenye bendera na kamba inayoelea. Durban bunduki inafungwa kwenye boya. Ukimpiga kolekole mkubwa akakimbia, au mshale ukakwama kwenye shimo mita nane chini, unaiachia bunduki, unapanda kuvuta pumzi, unavuta kamba kutoka juu. Mwenye bunduki isiyo na boya anajishawishi kubaki chini sekunde tano zaidi ili asiipoteze. Jetski na boti za kuvua nazo zinakuona kwa boya tu, kichwa chako huko nje hakionekani. Na samaki wafunge kwenye boya, usiwafunge kiunoni. Papa wa Zambezi yupo, hasa kwenye midomo ya mito maji yakiwa machafu. Hana shida na wewe, shida yake ni damu iliyo kiunoni mwako.

Mkanda wa uzito, ule wa vipande vya madini ya risasi vya kukusaidia kuzama, uwe wa mpira, na kifungo cha kufunguka kwa mkono mmoja. Ukitoa pumzi yote juu ya maji, bado uelee. Ukizama, umejaza risasi nyingi, punguza.

Sur_Baharini:
Na mwenzi. Mmoja chini, mmoja juu anatazama, bunduki ya wa juu haijaelekezwa chini. Kuzimia hakutokei kule chini unakoogopa, kunatokea mita za mwisho ukipanda, pale presha inapopungua na oksijeni ndani inaanguka ghafla. Mtu anaona mwanga wa jua, anazima. Usiheme haraka haraka kabla ya kuzama, kule kunafuta hamu ya kupumua tu, hakuongezi pumzi. Ukitoka juu pumzika angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Huku Sur hadithi zote za misiba nilizozisikia ni za mtu aliyekuwa peke yake.

NguruMkubwa:
Kijana anauza 100 nusu bei? Kama MtuWaPangani hataki, aniambie 😄

MtuWaPangani:
Haiuzwi tena mkuu 😄

Nimetoka kwake sasa hivi. Mshale nimeuviringisha kwenye kioo cha gari lake, umegonga. Ameshusha bei. Bomba kavu, triga safi, mkato wa mshale una kona. Nimeichukua 100, mshale mpya na raba nanunua Jumamosi, boya nimeagiza pamoja na kamba. Jamaa zangu wanasema Jumapili upepo ni wa kaskazini-mashariki, maji yatachafuka, tusubiri.

Swali la mwisho: raba ya 100 nikate urefu gani?

Fundi_Springi:
Usikate wewe. Mwambie wa dukani ni ya mtutu wa 100, anazo zilizokwisha kufungwa kwa kila urefu. Chukua ya raba moja ya 16 na nyingine kama hiyo ya akiba, ihifadhi kivulini isiyopata mafuta. Ya kujikatia utaijaribu ukishajua mkono wako unavuta kiasi gani bila kuhema.